Waya Aliouchomoa Fundi Fulgence

Fundi Fulgence Komba wa Bombambili, Songea, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kutopenda kuonekana hajui. Kwa mengine yote alikuwa mtu wa watu. Gari lako likilala kwake halipotezi hata nati, akikuahidi Jumanne ni Jumanne, na kangala, pombe ile ya mahindi iliyowamaliza mafundi wenzake wengi, yeye kikombe kimoja kilimtosha. Lakini kumwuliza mtu "hiki kinafanyaje kazi?" mbele za watu, hapo ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa shule anaijua methali hiyo, na Fulgence mwenyewe aliwahi kuiandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana yake. Aliwaandikia wengine.

Miaka ishirini alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya magari ya serikali. Kisha zikaja zama za ruksa. Mwenye mtaji akaruhusiwa kununua na kuuza, magari ya kila kabila yakaingia mjini, na karakana ya serikali ikapunguza watu. Fulgence akapunguzwa. Akatundika kibao chake barazani kwake Bombambili, akaendelea kuunganisha waya kama kawaida, ila sasa bila ya uhakika wa kesho.

Zama hizo hizo zilileta na wezi wenye ari. Gari likiegeshwa nje ya nyumba ya wageni, asubuhi unaweza kulikuta Njombe. Ndipo Fulgence akawafundisha madereva wa Songea kulala na waya. Ukishaegesha, unafungua boneti, unachomoa waya mmoja unaopeleka moto kwenye plagi, unautia mfukoni na kwenda kulala. Gari lisilo na waya ni kopo. Mwizi atazungusha ufunguo mpaka mkono ufe ganzi. Nusu ya madereva wa mji walilala hivyo, na wote walimshukuru Fundi Fulgence, naye shukrani hizo alizipokea kwa furaha isiyofichika.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, wakati ule ukungu wa milima ya Matogoro unapochelewa kuondoka, alifika barazani Mzee Rupert, mlinzi wa uwanja wa ndege wa Ruhuwiko, amepanda baiskeli na pumzi zimemwishia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi, chukua spana zako. Kuna ndege imetua imekufa umeme wote, na rubani anatafuta mtu wa nyaya."

Fulgence hakuwahi kugusa ndege. Hilo hakulisema. Alichukua boksi lake, akamfuata.

Ilikuwa ndege ndogo ya watu wanne, mabawa juu, propela moja puani. Mwenye nayo ilikuwa kampuni moja changa ya Dar iliyowabeba wanunuzi wa korosho kwenda na kurudi Tunduru. Rubani wake, Kapteni Muhsini, hakuwa mgeni wa mkoa. Alikuwa mwana wa Nalasi, Myao mrefu mwembamba wa miaka kama thelathini na mitano, mtu wa kucheka haraka. Alikuwa amewaleta abiria wawili Songea, wakashuka salama, wala hawakujua kwamba dakika ishirini za mwisho redio ilikuwa kimya na taa zote zimezima.

"Umetua na betri imekufa?" Fulgence aliuliza. "Na injini ikaendelea kuwaka?"

"Ikaendelea kama hakuna lililotokea," alisema Muhsini. "Injini hii haiombi betri, fundi. Ina magneto mbili, hizi hapa nyuma yake. Injini ikizunguka, magneto zinazunguka nazo, zinazalisha cheche zenyewe. Na kila silinda ina plagi mbili, hii inalishwa na magneto hii, ile na ile. Kuwasha tunawasha kwa hii ya kushoto, lakini angani moja ikifa, ya pili inakufikisha. Waliotengeneza ndege walijua kwamba huko juu hakuna pa kuegesha pembeni. Alhamdulillah, leo wamenifikisha."

Fulgence alitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa jambo la zamani. Kulikuwa na swali moja lililomjia, nalo lilikuwa swali zuri: kama magneto inajizalishia moto yenyewe, ule ufunguo pale kwenye dashibodi unafanya nini? Lakini Mzee Rupert alikuwa amesimama pembeni anamtazama kwa heshima, na fundi wa kuletwa kwa baiskeli haulizi ufunguo unafanya nini. Akalimeza swali lake.

Tatizo lenyewe lilikuwa jepesi. Waya mmoja wa oltaneta ulikuwa umechoka kwa mtetemo na kukatika, kwa hiyo betri haikuchajiwa, ikanyonywa mpaka ikaisha. Muhsini alikuwa ameshapiga simu posta kuongea na injinia wa kampuni.

"Amesema uunganishe huo waya mmoja tu, ndege ikifika Dar ataukagua mwenyewe," alisema. "Kingine usiguse, fundi. Hata ukiona kimelegea, niambie kwanza. Ndege si yangu wala si yako. Ni ya atakayekaa ndani yake."

"Nimekuelewa, Kapteni."

"Na jambo jingine. Kampuni inatafuta mtu mwaminifu hapa Songea, wa kuiangalia ndege kila inapolala. Nikuone kesho, tutaongea."

Maneno hayo yalimwingia Fulgence kama uji wa moto siku ya baridi. Kazi! Kazi yenye jina, tena ya ndege. Aliunganisha waya ule kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutia kwenye gari la waziri. Betri ndiyo ilishindikana, maana siku hiyo mgao wa umeme ulikuwa umeshika mji mzima na hapakuwa na pa kuichaji. Muhsini hakujali. Alisema asubuhi saa tatu, ukungu ukishapanda, ataiwasha injini kwa kuizungusha propela kwa mikono, jambo alilolifanya mara nyingi, na oltaneta itaijaza betri njiani. Akaaga, akaenda mjini kuswali na kupumzika, akamwachia Fulgence kazi ya kurudisha vifuniko vya injini.

Hapo ndipo Mzee Rupert alipoanza kulalamika.

"Mimi nalinda, lakini nina macho mawili tu. Jumamosi watu wa mtaa wa Lizaboni wakishakunywa wanakuja kuitazama ndege kama harusi. Mwezi uliopita nimemkuta mtu amekaa ndani kabisa, anaendesha kwa mdomo. Mlango wenyewe ukiusukuma na kijiko unafunguka. Siku moja mlevi ataiwasha hii."

Fulgence akatazama ndani ya injini. Pale nyuma, kwenye magneto ya kushoto, ile ya kuwashia, aliona waya mwembamba unaotoka upande wa ufunguo. Moyo wake mwema ukachangamka. Si ndiyo kazi aliyoahidiwa, kuiangalia ndege inapolala? Kapteni akija kesho, akasikia kwamba fundi wa Songea aliona mbali, akailinda ndege kwa akili zake, mazungumzo yatakuwa mafupi. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema bila kuuliza, lakini Fulgence hakulitazama upande huo. Akaichukua spana ndogo, akafungua nati, akauchomoa ule waya, akaufunga ncha yake kwa tepu nyeusi vizuri sana, akaurudisha nyuma usionekane. Kisha akafunga vifuniko.

"Pumzika, Mzee," alimwambia Rupert. "Bila mimi, ndege hii haiwaki." Mzee akacheka, akidhani ni majigambo ya mafundi.

Jumapili alikwenda misa ya kwanza na mkewe Kunegunda, amevaa shati jeupe. Mpango wake ulikuwa mzuri: misa inakwisha saa mbili, anapanda baiskeli, anafika Ruhuwiko kabla ya saa tatu, anarudisha waya mbele ya Kapteni huku akieleza. Lakini siku hiyo kulikuwa na ubatizo wa watoto kumi na wawili, na baada ya watoto matangazo, na baada ya matangazo mwenyekiti wa kwaya akaomba dakika mbili. Nani amewahi kumwona mwenyekiti wa kwaya akatumia dakika mbili? Fulgence hakuwa na wasiwasi. Alikaa kwenye benchi akiwaza jinsi Kapteni Muhsini anavyoizungusha propela huko, inagoma, anajikuna kichwa, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Aliipenda picha hiyo. Aliirudia mara tatu wakati wa mahubiri, Mungu amsamehe.

Walipotoka nje ilikuwa saa tatu kasoro kidogo. Chini ya ngazi za kanisa, katekista George alikuwa anapigana na pikipiki yake. Alikuwa ameiwasha ili aende kwenye jumuiya ya Mshangano, kisha akakumbuka amesahau kitabu, akataka kuizima. Pikipiki ilikataa kuzima. Alizungusha ufunguo mpaka mwisho, akautoa kabisa na kuushika hewani watu wauone, na pikipiki ikaendelea kunguruma. Watu walicheka. Wengine walisema inataka kubatizwa.

"Fundi! Afadhali wewe," George alipaza sauti. "Njoo uione hii. Ule waya wa kuzimia umekatika tena."

"Waya gani?"

"Huu unaotoka kwenye ufunguo. Pikipiki hizi za magneto ndivyo zilivyo. Waya ukiwa mzima, ukizima ufunguo, moto unapelekwa kwenye bodi na unakufa. Waya ukikatika, moto hauna pa kwenda ila kwenye plagi. Unaweza kuutupa ufunguo mtoni, yenyewe inawaka tu."

Fulgence alisimama katikati ya watu waliokuwa wakicheka, na kicheko chao akakisikia kwa mbali. Magneto. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa magari, na kwenye gari ufunguo ndio unaoleta moto, ukikata waya umekata moto. Kwenye magneto ufunguo hauleti kitu. Kazi yake ni kuuzuia moto, na waya ule mwembamba ndio kamba unayoufungia. Yeye hakuwa ameifunga ndege. Alikuwa ameifungua. Tangu jana jioni ilikuwa imesimama pale Ruhuwiko hai, ufunguo uwepo usiwepo, inasubiri mtu aiguse tu propela. Na saa hiyo mtu alikuwa anakwenda kuigusa kwa mikono miwili, kifua mbele, akiamini imezimwa.

"Mama Benigna," alimwambia mkewe. "Nimemwua mtu."

Kunegunda alimtazama usoni. Hakuwa mwanamke wa kupoteza maneno. "Ameshakufa?"

"Bado. Sijui. Saa tatu."

"Sasa kama bado, hapa umesimama unafanya nini?"

Alimsukuma mgongoni kwa mikono yote miwili mpaka kwenye pikipiki. George, aliyekuwa na suti yake ya Jumapili na tai, aliuona uso wa Fulgence na hakuuliza. Waliondoka kanisani kwa kishindo kilichowarusha kuku wa paroko juu ya ukuta.

Njia ya kwenda Ruhuwiko Fulgence aliijua kwa kila shimo, na siku hiyo hakuona hata moja. Njiani alimweleza George kwa kupiga kelele sikioni. George aliongeza mafuta. Fulgence aliomba. Hakuomba kwa mpangilio wa vitabu. Aliomba kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua: Bwana, achelewe. Ukungu ukae. Kiatu kimbane. Afanye jambo lolote, asiiguse. Kazi ile siitaki tena, chukua, ila mtoto wa watu asiiguse.

Ukungu ulikuwa umeshapanda. Walipoingia uwanjani aliona watu kama thelathini wamejipanga pembeni, na ndege katikati, magogo yamewekwa mbele ya magurudumu. Mzee Rupert alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha rubani na kukanyaga breki kama alivyoelekezwa. Kapteni Muhsini alikuwa mbele, amekunja mikono ya shati. Alikuwa ameshapampu petroli kwenye silinda, na sasa alitaka kuizungusha propela mara chache ufunguo ukiwa umezimwa, ili petroli ienee. Mikono yake ilikuwa juu ya ubapa wa propela.

"Usiguse!" Fulgence alipiga kelele. "Kapteni, acha! Acha!"

Nani angemsikia? Pikipiki ya katekista ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, na kuzima haizimiki. George akafanya alilojua: akaitia gia, akaachia klachi na kukanyaga breki pamoja, pikipiki ikaruka kama mbuzi, ikakata kauli, wote wawili wakaenda chini kwenye nyasi. Kimya kikashuka ghafla.

"Acha! Iko hai!"

Muhsini alikuwa ameshaivuta nusu. Sauti ile ilimfanya aachie na kuruka nyuma, kwa mwili tu, kabla akili haijaelewa. Propela ikajimalizia yenyewe ule mzunguko mdogo, ikasikika tak, na injini ikalipuka mara moja, pa! Propela ilipita pale alipokuwa amesimama, haraka hata jicho halikuiona, ikazunguka mara mbili, ikasimama. Petroli iliyokuwamo ilikuwa imekwisha. Moshi mdogo wa buluu ukatoka chini ya pua ya ndege, ukapeperuka.

Muhsini aliingiza mkono mfukoni polepole, akatoa ufunguo wa ndege, akautazama. Ulikuwa kwake muda wote. Kisha akauweka ule mkono kifuani, kama mtu anayekagua kama kifua bado kipo.

Halafu kelele zikaanza. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Rupert alishuka mbio, akamshika Fulgence mabegani. "Huyu mtu ana macho gani? Ameiona kutoka barabarani! Kutoka barabarani, jamani!" Watu walimzunguka, wakamfuta nyasi kwenye shati, mmoja akamvisha kiatu kilichomvuka. Muhsini alipita katikati yao, akamkumbatia, na Fulgence akausikia moyo wa kijana yule unavyopiga.

"Mungu akulipe, fundi," alisema Muhsini, na machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu. "Mimi nina mama Nalasi, sina ndugu wa kiume. Leo umemwachia mtoto. Nikuambie nini? Kazi ile ni yako, hatuna tena la kuongea. Lakini umejuaje? Niambie, umejuaje?"

Swali hilo lilimkuta Fulgence mahali pabaya. Maana jibu rahisi lilikuwepo, tena tamu, na watu thelathini walikuwa wamekwisha kumpa. Angeweza kusema aliota. Angeweza kusema aliuona waya umelegea jana, akakumbuka kanisani. Angeufungua mwenyewe ule mfuniko, aurudishe waya kimya, aitie ile tepu mfukoni mwake, na mpaka kufa angekuwa mtu aliyemwokoa Kapteni Muhsini. George pekee ndiye aliyejua, na George alikuwa amesimama pembeni anatazama goti la suti yake lililochanika. Katekista hatoboi siri ya mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yake yalikuwa bado hayajamwagika, kibuyu kilikuwa mikononi mwake.

Alitazama uso wa Muhsini uliolowa machozi ya shukrani, na shukrani ile ikamchoma. Haikuwa yake. Alijiona kama mtu anayepewa rambirambi za msiba wa jirani.

"Kapteni," alisema, "nimejua kwa sababu ni mimi niliyeuchomoa."

"Ulichomoa nini?"

"Waya. Jana, ulipoondoka. Nilidhani ni kama gari, kwamba nikiuchomoa haitawaka, mlevi asije akaichezea. Ulinikataza nisiguse kitu, nikagusa. Na sikuwa najua ule ufunguo unafanya kazi gani. Niliona aibu kuuliza. Leo nje ya kanisa ndipo nimejua, kwa pikipiki ya huyu katekista. Mimi sijakuokoa. Nimekuja kuzuia nisikuue."

Vigelegele vilikufa. Mikono iliyokuwa mabegani mwake iliondoka mmoja mmoja. Mzee Rupert akasema, "Ee!" Nyuma mtu akatoa tusi, na mwingine akataka kusogea, George akamwekea mkono.

Muhsini alibadilika uso. "Nilikuambia," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuambia kwa mdomo wangu."

"Uliniambia."

"Ningekatika vipande viwili, fundi! Mbele ya watoto wa watu!"

"Ndiyo, Kapteni."

Muhsini alimgeuzia mgongo. Alitembea mpaka mwisho wa bawa, akasimama huko akiitazama Matogoro. Kisha akarudi, akafungua vifuniko vya injini mwenyewe bila kumtazama mtu, akaupata ule waya, akaishika ile ncha iliyofungwa tepu vizuri sana. Aliichunguza. Akatoa pumzi, na katika pumzi ile akasema, "Alhamdulillah," pole pole, kama anayehesabu herufi zake.

"Urudishe," alimwambia Fulgence.

Fulgence aliurudisha. Nati ilimdondoka mara mbili. Alipomaliza aliomba ruhusa ya kutumia tesa yake ya kupimia umeme, na mara hii aliuliza kila kitu, na aliuliza kwa sauti: ukizima ufunguo, moto unakwenda wapi? Na huu unagusa bodi wapi? Nikiupima hapa, nione nini? Muhsini alimjibu swali baada ya swali, kwa kifupi mwanzoni, baadaye kwa kirefu. Walipima magneto ya kushoto, wakapima ya kulia. Ufunguo ukizimwa, zote zilikuwa zimefungwa. Walipima tena. Muhsini akarudisha vifuniko.

Ikabaki kuiwasha ndege. Mzee Rupert akaelekea mlangoni ili arudi kwenye breki.

"Hapana, Mzee," alisema Muhsini. "Wewe pumzika. Atakaa fundi."

Watu walinung'unika. Rupert akasimama mguu mmoja juu ya kipandio. "Huyu? Baada ya haya? Kapteni, ufunguo umshikishe huyu?"

"Ndiyo, huyu. Mzee, wewe ulikaa humo ukiwa na uhakika. Hata mimi nilikuwa na uhakika. Saa hizi hapa uwanjani hakuna anayeuogopa waya ule kuliko yeye." Akamgeukia Fulgence, akampa ufunguo. "Na ungenyamaza, nisingejua maisha yangu yote. Panda."

Fulgence alipanda. Aliketi, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili mpaka magoti yakauma. Kupitia kioo aliona kichwa cha Muhsini, mabega yake, na mbele ya mabega hayo ubapa wa propela.

"Ufunguo!" Muhsini aliita.

"Nimezima, Kapteni! Huu hapa mkononi!" Aliutoa nje ya dirisha, akaushika juu mpaka Muhsini alipoutazama na kuitikia.

Na Muhsini akanyanyua mikono, akaiweka juu ya propela. Hakusita. Aliivuta mara ya kwanza, ikapita kimya. Akaivuta ya pili, ikapita kimya. Ya tatu, ya nne. Kila mara Fulgence aliacha kupumua, na kila mara alimshukuru Mungu kwa kimya kile kuliko alivyowahi kumshukuru kwa mvua.

"Washa!"

Aliingiza ufunguo, akauzungusha kama alivyoelekezwa. Muhsini akavuta kwa nguvu na kurudi nyuma kwa hatua moja ndefu, na injini ikakubali. Sindano ya oltaneta ikapanda. Muhsini akazunguka kwa nyuma ya bawa, akafika mlangoni, wakabadilishana kiti kwa shida, mmoja akishika breki mpaka mwenzake ameshika. Fulgence alitaka kumwomba radhi tena, lakini mlio haukumruhusu. Muhsini akamvuta kola, akamsemea sikioni:

"Jumamosi nakuja. Uwe hapa. Na uniulize."

Fulgence akashuka, akawatoa watu mbele, akaondoa magogo, ndege ikajongea hadi mwisho wa uwanja, ikageuka, ikapita mbele yao na kunyanyuka upande wa Tunduru. Watu walitawanyika. Wengine walimpita Fulgence bila salamu, naye hakuona kosa.

Bado alikuwa amesimama pale Kunegunda alipofika kwa miguu, viatu mkononi, kanga imejaa vumbi. Alitazama uwanja mtupu.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Mzima. Nimemwambia ukweli wote."

"Akasemaje?"

Fulgence alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. "Alinipa ufunguo, Mama Benigna," alisema. "Mimi nikiwa ndani, akaweka mikono yake juu ya propela. Yote miwili."

Kunegunda aliviweka viatu chini, akamshika mkono, wakasimama hivyo wakiisikiliza ndege mpaka mlio wake ukaisha.